Kasuku kwa Keja: Msosi, Usafi na Vitu Zinaweza Mmaliza

Ukitaja "kasuku" pale soko ya Ndhiwa, wasee wengi watafikiria ule mkebe wa kupimia mahindi. Leo tunaongelea ndege mwenyewe, yule wa rangi ya majivu na mkia mwekundu, anayeiga sauti ya mathe akiita watoto na mlio wa simu yako.

Wengi wanaofuga kasuku wanamlisha vile wao wenyewe wanakula: ugali, chai, chipo, halafu alizeti kila siku. Ndege anazoea na anaonekana fiti. Lakini kasuku ni mjanja wa kuficha ugonjwa, ju porini anayeonyesha unyonge ndiye huliwa kwanza. Ukiona amelegea, mara nyingi mambo imeshachacha.

Poa ni kwamba karibu kila kitu anahitaji kinauzwa hapo hapo soko. Noma ni kwamba vile vya kumuua viko meza ya pili.

Kwanza, karatasi

Kasuku wa kijivu analindwa. Mwaka wa 2016, nchi za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, zilikutana Johannesburg zikampa ulinzi wa kiwango cha juu kabisa. Tangu Januari 2017, kuuza waliotegwa porini kutoka nchi moja hadi nyingine ni marufuku. Kufikia hapo, zaidi ya milioni moja walikuwa wameshatolewa misitu ya Afrika kupitia biashara iliyoandikishwa pekee. Kenya, wa porini wamebaki wachache sana, upande wa msitu wa Kakamega.

Hapa kwetu, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka uwe na kibali cha KWS ndio umfuge. Bila hiyo ni kesi. Kama tayari ako kwenu, usimfungulie dirisha ati aende zake. Aliyelelewa kizimbani hajui kujitafutia chakula. KWS wako Ruma, Lambwe Valley, si mbali na Ndhiwa. Enda uwaulize mapema, kabla hawajakuja wenyewe.

Na kama bado huna, usinunue wa njia za panya. Kila mmoja anayeuzwa hivyo anafanya mwingine ategwe. Ukitaka tu ndege wa kukuchangamsha, kuna kasuku wadogo wa asili ya Australia, wale wa kijani na bluu, wanaozalishwa vizimbani. Mengi ya hapa chini yanawahusu pia.

Sahani ya kila siku

Alizeti kwa kasuku ni kama chipo kwako: tamu, mafuta mengi, faida kidogo. Haina kalsiamu ya kutosha, na vitamini A ni karibu sufuri. Kasuku wa kijivu akikosa kalsiamu anatetemeka, anaanguka kutoka kijiti, hata anapata kifafa. Akikosa vitamini A, pua na koo zinashambuliwa na magonjwa.

Madaktari wa ndege hupendekeza chakula maalum cha punje. Ukikipata kwa duka za wanyama mjini, kifanye msingi. Ukikosa, panga sahani hivi:

Mboga, karibu nusu ya sahani. Sukuma wiki na boo, yaani majani ya kunde, ziko sawa kila siku. Ododo na spinachi mpe mara moja moja, ju zina asidi inayozuia mwili kupata kalsiamu. Osha vizuri kuondoa dawa ya shambani, mpe mbichi, bila chumvi wala mafuta. Ongeza karoti, malenge au viazi vitamu vya rangi ya machungwa vilivyochemshwa. Hapo ndipo vitamini A inatoka, na Homa Bay viazi vitamu si shida, uliza watu wa Kabondo.

Nafaka na maharagwe, karibu robo. Nyoyo ya kwenu iliyochemshwa bila chumvi inamfaa sana, pamoja na mtama na wimbi. Lakini maharagwe yaive kabisa. Mabichi yana sumu.

Matunda, vipande vichache. Papai, embe, mapera. Ukimpa tufaha, toa mbegu zote.

Pilipili pia anakula, na usimwonee huruma. Ndege hawasikii ule ukali.

Kwa kalsiamu, chukua maganda ya mayai, chemsha, kausha, saga yawe unga, kisha nyunyiza kidogo juu ya mboga. Halafu jua. Mwili wake unahitaji jua ndio utumie hiyo kalsiamu, na jua linalopitia kioo cha dirisha halisaidii. Mtoe nje asubuhi kama nusu saa, akiwa kizimbani, upande mmoja uwe na kivuli, na msee mmoja akae hapo kuchunga paka na mwewe.

Chakula kibichi au cha kuchemsha kikikaa saa mbili au tatu na joto ya huku, kitoe. Alizeti igeuze zawadi: punje mbili tatu akifanya poa.

Njugu za Ndhiwa: chunga

Hii ndio itakushangaza. Huku kwetu njugu ni biashara na ni vitafunio, na kasuku anazipenda vibaya. Lakini njugu zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu inaitwa aflatoksini. Watafiti waliopima njugu za Busia na Homa Bay waliipata. Hii ndio ile sumu iliyokuwa kwa mahindi ya Ukambani mwaka wa 2004 na kuua watu zaidi ya 100. Sasa piga hesabu: kasuku wa kijivu ana gramu 400 hadi 500 hivi. Punje chache mbovu kila siku zinatosha kuharibu ini lake polepole. Kukaanga hakumalizi hiyo sumu, na si kila njugu mbovu inaonekana kwa macho. Njia rahisi ni kuziacha kabisa.

Usimpe, hata akililia

Ovakado ndio namba moja. Wewe unaiona afya, lakini ina sumu ya persini inayoshambulia moyo wa ndege. Zingine ni chokoleti, chai, kahawa, soda, pombe ya aina yoyote, vitunguu, krispi na chochote chenye chumvi nyingi. Ile mchezo ya kumuonjesha bia ndio wasee wacheke, wacha kabisa.

Hewa ya nyumba

Mapafu ya ndege yanavuta hewa kwa nguvu kuliko yako, pamoja na uchafu wote ulio ndani. Moshi wa kuni, jiko la makaa, koili ya mbu, sigara na marashi ya kupuliza vinamuumiza. Sufuria na kikaangio zisizoshika chakula zikipata moto kupita kiasi hutoa gesi ambayo wewe hutaisikia, lakini inaua ndege kwa dakika chache. Kama keja ni chumba kimoja na unapikia hapo hapo, mtoe kabla hujawasha. Kama hakuna pa kumtoa, hiyo keja haimfai.

Kizimba, maji na usingizi

Kizimba kiwe kipana hadi aweze kukunjua mabawa yote mawili bila kugusa waya. Weka vijiti vya unene tofauti, kama matawi ya mpera, ndio nyayo zisipate vidonda. Maji badilisha asubuhi na jioni, na vyombo vioshwe kwa sabuni. Chini weka gazeti, badilisha kila siku. Lilowanishe kwanza, ju vumbi la kinyesi kikavu linaweza kukuletea ugonjwa wa mapafu. Mnyunyizie maji masafi mara kadhaa kwa wiki aoge.

Usiku anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na kimya. Kama jirani anapiga ohangla hadi usiku wa manane, mfunike na umhamishie chumba cha ndani.

Usimchanganye na kuku wa kienyeji. Ugonjwa wa Newcastle unaofagia kuku wa mtaa mzima unaweza kumpata yeye pia.

Upweke pia ni ugonjwa

Kasuku wa kijivu huishi kwa makundi, na akili yake si ya kuchezea. Alex, kasuku wa mwanasayansi Irene Pepperberg wa Marekani, alijifunza kutaja rangi, maumbo na idadi hadi sita kabla ya kufa 2007 akiwa na miaka 31. Ndege wa aina hiyo ukimfungia kona peke yake siku nzima, ataanza kujing'oa manyoya hadi kifua kibaki uchi. Ongea naye, mtoe kizimbani kila siku ukiwa umefunga madirisha, mpe gunzi la mahindi au kipande cha mti laini atafune.

Dalili za kukufanya ukimbie

Manyoya yamevimba mchana, amekaa chini ya kizimba, mkia unapanda na kushuka akipumua, kinyesi kimebadilika, au hajala tangu asubuhi. Usingoje kesho na usimpe dawa za kuku kwa kubahatisha. Mweke mahali pa joto na tulivu, kisha pigia daktari wa mifugo. Kama yeye amezoea ng'ombe zaidi, mwombe akuunganishe na mwenzake anayejua ndege.

Mwisho, hesabu ya miaka. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Ukiwa na 22 leo, anaweza kukuzika. Kwa hivyo jueni kama familia ni nani atabaki naye ukienda chuo, ukipata job Nairobi au ukioa. Kama jibu hakuna, mwache porini.