Dirisha la Tarehe: Mafundi wa Saa za Kamani Kinondoni na Temeke

Katika saa ya mkononi ya kamani, yaani saa inayoendeshwa na utepe wa chuma uliokunjwa ambao hujazwa kwa kuzungusha kifundo cha pembeni au kwa mtikisiko wa mkono wa mvaaji, sehemu inayoeleza vizuri zaidi historia ya mafundi wa Kinondoni na Temeke, vitongoji vya Dar es Salaam, ni tundu dogo lililo upande wa kulia wa uso wake, ambamo tarehe ya mwezi husomeka. Saa isiyo na tarehe ina mengi ya kumfundisha mchunguzi wa mitambo, lakini yenye tarehe humfundisha pia habari za mishahara, za uhaba wa vipuri na za uhusiano wa fundi na mteja wake, kwa sababu utaratibu wa kubadilisha tarehe huumizwa upesi na mmiliki asiyeujua, huvumiliwa kwa miaka ukiwa mbovu, na hubaki na alama za kila mkono uliopita ndani yake.

Utaratibu huo ni mwepesi kuueleza. Chini ya uso wa saa imelazwa pete nyembamba iliyochapwa namba 1 hadi 31, na ukingo wake wa ndani una meno 31. Gurudumu linalobeba mshale wa saa huzunguka mara mbili kati ya usiku mmoja na unaofuata, nalo huliendesha gurudumu la tarehe, ambalo hesabu ya meno yake imepangwa ili lizunguke mara moja tu katika muda huohuo. Gurudumu la tarehe lina kidole ambacho, saa sita ya usiku inapokaribia, hushika jino moja la pete na kulisukuma hatua moja. Kisha kizuizi, ambacho ni kipande kidogo cha chuma kinachokandamizwa na springi nyembamba kama unywele, huangukia kati ya meno mawili na kuituliza pete hadi usiku wa pili. Kwa kuwa pete haijui urefu wa miezi, mvaaji hulazimika kuisogeza mwenyewe mara tano kwa mwaka, baada ya Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba, na katika marekebisho hayo matano ndimo madhara mengi huanzia.

Mtambo huu uliletwa katika pwani iliyokuwa na hesabu yake ya siku. Kwa Waislamu wa pwani siku mpya huanza jua linapotua, na saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo na machweo, hivi kwamba saa moja ya asubuhi ni saa moja baada ya macheo. Saa kubwa za hadhara zilitangulia zile za mkononi kwa miaka mingi: mnara wa saa uliwekwa mbele ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, baada ya Waingereza kuupiga mji mizinga mwaka 1896, nao ukaanguka pamoja na sehemu ya jumba hilo Desemba 2020. Huko Dar es Salaam, iliyofanywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, ujenzi wa reli ya kati ulioanza mwaka 1905 ulileta ratiba za treni na kengele za kazi, na mwaka 1961, mji ulipopewa hadhi ya jiji, mnara wa saa ulisimamishwa katika njia ambayo leo huitwa Barabara ya Samora. Wakazi hawakuiacha hesabu yao kwa ajili ya mitambo hiyo. Waliutazama mshale ukiwa kwenye 7 na kusoma saa moja, yaani walisoma namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa, na desturi hiyo imekuwa ya kawaida mno hata msomaji haoni kwamba kila mara anafanya hesabu.

Pete ya tarehe, hata hivyo, haina nafasi ya hesabu mbili. Mtu akiipanga saa yake ili mshale usimame kwenye 1 inapokuwa saa moja, atakuta tarehe inageuka saa kumi na mbili, ama alfajiri ama jioni; na ikigeuka jioni, saa hiyo itakuwa imeifuata, bila mtengenezaji kukusudia, siku ya Kiislamu inayoanza magharibi. Jambo hili si la kupuuzwa, kwa maana fundi anayeletewa saa inayobadilisha tarehe wakati wa futari hana budi kumuuliza mwenyewe anavyoisoma kabla ya kugusa bisibisi.

Tarehe ilipata kuwa jambo la mkononi baada ya Vita Kuu ya Pili. Rolex ilitoa saa yake ya Datejust mwaka 1945, ikiwa saa ya kujijaza inayoonyesha tarehe dirishani, lakini ilikuwa mali ya matajiri. Iliyobadilisha hali ni Seiko ya Japani, ambayo mwaka 1963 ilianza kuuza saa za Seiko 5, zenye siku na tarehe katika dirisha moja, zinazojijaza zenyewe na kustahimili maji, kwa bei ambayo mtu wa mshahara angeweza kuifikiria. Miaka hiyohiyo vitongoji vya Dar es Salaam vilikuwa vinajaa watu wa mshahara. Magomeni, Kinondoni na Temeke zilikuwa zimepimwa viwanja na kujengwa nyumba za Waafrika wa mjini tangu miaka ya mwisho ya ukoloni. Viwanda vilipangana Chang'ombe na kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Kwa mkulima, mwezi ulionekana angani na msimu ulijulikana kwa mvua; kwa mfanyakazi wa zamu, tarehe ilikuwa siku ya mshahara, siku ya kodi ya chumba na siku ya kulipa deni la dukani, na saa iliyoionyesha ilistahili gharama ya kutengenezwa.

Kazi ya kutafuta hitilafu ya tarehe ndiyo iliyomtenganisha fundi na mbadilishaji wa mikanda na vioo. Fundi hodari huanza bila kufungua chochote, kwa kuvuta kifundo na kuzungusha mishale taratibu, akitazama ni wapi tarehe inaruka. Ikiruka mchana, hapana ubovu: uso wa saa hauna alama ya kutenganisha saa sita ya mchana na ya usiku, na mishale ikisogezwa mzunguko mmoja mbele mambo hunyooka. Ikiruka saa nne au saa nane ya usiku, saa hiyo imekwisha kufunguliwa na mtu aliyerudisha mishale bila kuilinganisha na kidole. Pete ikisimama kati ya namba mbili, mashaka huangukia kizuizi na springi yake, au grisi iliyokauka. Na ikiruka tarehe mbili kwa usiku mmoja, springi hiyo imelegea au imekatika.

Hitilafu ngumu zaidi ni ya saa inayokwenda vizuri mchana kutwa na kuchelewa usiku peke yake. Hapo sababu huwa mojawapo ya mbili, na fundi asiyezitofautisha huharibu kazi. Kidole kinaposukuma jino la pete, mashine hubeba mzigo ambao haikuwa nao mchana. Kamani ikiwa imechoka au mafuta yakiwa yameganda kwa vumbi na jasho, jambo la kawaida katika joto na unyevu wa pwani, gurudumu la mizani, ambalo kwenda na kurudi kwake ndiko kunakopima muda, husimama na saa yote hufa hadi itikiswe. Lakini pengine mizani huendelea kucheza kama kawaida huku mishale ikibaki nyuma, na hiyo ni dalili kwamba bomba dogo linalobeba mshale wa dakika, ambalo hushikwa na mhimili wake kwa kubanwa tu, limelegea na linateleza chini ya mzigo. Saa ya kwanza yahitaji kufumuliwa, kuoshwa na kupakwa mafuta upya. Ya pili huponywa kwa kulibana bomba kwa kiasi kinachopimwa na vidole vya fundi peke yake. Wala jaribio la kuzungusha mishale kwa mkono halitoshi, kwa kuwa mkono una nguvu kuliko kamani na huficha udhaifu wake, kwa hiyo saa ya namna hii sharti ilale kwa fundi usiku kadhaa, na mteja sharti awe anamwamini mtu ambaye mara nyingi mali yake yote ya kazi ni meza yenye kisanduku cha kioo barazani.

Kosa linalofanywa zaidi na wamiliki ni kusogeza tarehe kwa haraka wakati mshale uko kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Katika muda huo kidole tayari kimeshika jino, na pete ikilazimishwa, kimoja kati ya viwili hivyo hukubali kuvunjika. Madhara yaliongezeka kadiri watengenezaji walivyotumia plastiki katika baadhi ya vipande vya tarehe vya mashine za Kijapani kuanzia miaka ya 1970, kwani chuma kilichopinda hunyooshwa, ilhali plastiki iliyokatika haina dawa.

Hapo ndipo historia ya nchi inapoingia ndani ya saa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara kubwa ya kuagiza bidhaa ilishikwa na serikali, na fedha za kigeni zilipopungua mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, zilitengwa kwa mafuta, dawa na mashine, si kwa kidole cha tarehe. Fundi aliyekosa kipuri alibaki na njia chache: kukitoa katika saa iliyokufa yenye namba ileile ya mashine, kukichonga mwenyewe kwa tupa, au kuliondoa gurudumu la tarehe kabisa na kumrudishia mteja saa inayosema saa na dakika tu, huku dirisha likibaki na namba moja milele. Njia hii ya tatu hudharauliwa na wakusanyaji wa leo, na dharau hiyo si ya haki, kwa sababu mzigo ulipoondolewa saa ilikwenda vizuri zaidi, na mfanyakazi aliwahi zamu yake. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, ambayo chini yake watu wa mjini wasio na kazi zinazotambuliwa waliweza kukamatwa na kupelekwa vijijini, iliwaweka mashakani wote waliojiajiri kando ya barabara. Mwaka uliofuata masharti ya uagizaji yalianza kulegezwa, bidhaa zikaingia, na miongoni mwake zilikuwamo saa za betri ambazo bei yake ilikuwa ndogo kuliko ujira wa kuosha saa ya kamani.

Simu za mkononi, zilizoanza kutumika nchini mwaka 1994 na kuenea sana baada ya 2000, zilichukua kazi ya tarehe moja kwa moja, na mafundi wengi wakaongeza betri, mikanda na funguo katika meza zao. Saa za kamani zinazofika mezani siku hizi mara nyingi ni za urithi, na mrithi hutaka tarehe irudi hata kama haihitaji. Fundi aliyehifadhi makopo ya saa mbovu tangu miaka ya uhaba ndiye anayeweza kumsaidia upesi, kwa kuwa gurudumu linalotakiwa huenda halijatengenezwa tena kwa miongo kadhaa. Vijana waliojifunza kwake huisoma namba iliyogongwa mgongoni mwa saa, huagiza kipuri kwa intaneti, na husubiri wiki kadhaa kujua kama kilichofika ni chenyewe.