Kuongeza nguvu za injini kuukuu ya lori: Hewa kwanza, dizeli baadaye

KATIKA wadi ya Musanda, eneobunge la Mumias Magharibi, Kaunti ya Kakamega, lori likiharibika hasara haimwangukii mwenyewe pekee. Miwa ikishakatwa huanza kukauka, na kila siku inayochelewa shambani hupoteza uzani na sukari. Tangu kiwanda cha Mumias kianze kusaga miwa mnamo 1973, mkulima wa huko amekuwa akitegemea trekta na malori, baadhi yake makuukuu. Ndiposa mwenye lori lililochoka hutamani fundi alifufue na kuliongezea nguvu.

Nguvu hizo hupimwa kwa nguvu za farasi, na moja ni sawa na takriban wati 746. Injini huzipata kwa kuchoma dizeli ndani ya hewa. Musanda iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini isiyo na turbo, basi, hupungukiwa na hewa hata kabla ya kuzeeka.

Hatua ya kwanza ni kurejesha kilichopotea. Fundi hupima mgandamizo wa kila silinda, kisha huifungua injini na kupima uchakavu. Slivu, pistoni, ringi na beringi zilizolika hubadilishwa. Vali husagwa zikae sawa. Hedi iliyopinda husawazishwa. Pampu ya dizeli na nozeli hupelekwa kupimwa kwa mashine maalumu. Mara nyingi nguvu anazozifurahia mwenye lori baada ya kazi hiyo ni zile zile za kiwandani zilizokuwa zimepotea.

Wengi huamini kwamba kupanua silinda huongeza nguvu nyingi. Hesabu haikubali. Injini ya Isuzu 6BD1 ina silinda sita zenye upana wa milimita 102, na pistoni husafiri milimita 118. Ujazo wake ni lita 5.785. Hata upana ungeongezwa kwa milimita 1, ujazo ungefika lita 5.9 tu, nyongeza ya takriban asilimia 2.

Isuzu yenyewe ilipotaka nguvu zaidi katika injini hiyo iliweka turbo, na toleo hilo likaitwa 6BD1T. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka na kusukuma hewa nyingi zaidi kwenye silinda, hivyo hufidia wepesi wa hewa ya nyanda za juu. Hata hivyo, haifungwi tu kama taa. Huhitaji oili safi yenye shinikizo la kutosha, pistoni zinazostahimili joto, gasketi imara na rejeta isiyoziba.

Njia ya mkato ni kukaza skrubu ya pampu ili dizeli imiminike zaidi. Dizeli isiyopata hewa hugeuka moshi mweusi, joto hupanda na pistoni zaweza kuyeyuka. Lori huonekana na nguvu kwa muda, kisha humrudisha mwenyewe gereji kwa gharama kubwa kuliko ya awali.

Nguvu zikiongezeka, klachi, gia na ekseli hubeba mzigo ambao hazikuundiwa. Breki nazo hubaki zile zile, ilhali lori sasa lina kasi zaidi. Wala injini yenye nguvu si ruhusa ya kuzidisha shehena, kwani sheria hupima uzani kwenye ekseli. Iwapo injini yenyewe imebadilishwa, nambari yake mpya lazima iandikishwe ili ilingane na stakabadhi za gari.

Kwa hivyo, mwenye lori mwenye busara hutenga fedha za breki kabla ya kununua turbo. Miwa haina budi kufika kiwandani mapema, lakini dereva naye hana budi kufika.