Jina na Kielelezo: Historia Fupi ya Mdudu wa Siku Moja katika Ziwa Victoria

Mkazi wa Igoma, au wa kitongoji kingine chochote cha Mwanza, hahitaji kufundishwa kwamba Ziwa Victoria huzaa wadudu. Huwaona wakiizingira taa ya baraza, na mchana huona mawingu yao yakipanda juu ya maji mfano wa moshi wa nyika iunguayo. Lakini aulizwapo jina lao, hujibu kwa jumla: wadudu wa ziwani. Mara husikika mbu, mara usubi, mara kumbikumbi. Kwa mazungumzo ya barazani majibu hayo yatosha. Kwa mfasiri wa kitabu cha biolojia, kwa mwalimu wa sekondari, na kwa mtumishi wa serikali aandikaye tangazo la afya, hayatoshi hata kidogo. Makala haya yanaeleza jinsi mmoja wa wadudu hao alivyopata jina lake la kisayansi, na yanauliza ni funzo gani tupatalo sisi tunaounda istilahi.

Mdudu tunayemkusudia ni wa oda iitwayo Ephemeroptera. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: moja lina maana ya kitu kidumucho siku moja, la pili lina maana ya bawa. Mdudu huyu hukaa majini kwa miezi kadhaa akila na kukua. Apatapo mabawa hali tena, bali hupandana, hutaga, hufa. Wadudu wa oda hii peke yao, miongoni mwa wadudu wote walio hai leo, hujivua ngozi mara nyingine baada ya kuota mabawa ya kurukia. Kwa hiyo wana hatua moja ya maisha ambayo wadudu wengine hawana, na lugha isiyo na neno la hatua hiyo haiwezi kuwaeleza sawasawa.

Desturi ya kumpa kila mnyama jina la maneno mawili ilipata msingi wake katika toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1758. Tangu hapo haitoshi mtu kusema, "Nimeona mdudu mpya." Sharti aandike na kuchapisha maelezo yanayomtenga mdudu huyo na jamaa zake: mishipa ya mabawa, idadi ya nyuzi za mkiani, umbo la viungo vya uzazi vya dume. Tena, kwa kanuni za siku hizi, sharti ateue mdudu mmoja awe kielelezo, ahifadhiwe, ili yeyote atakayetilia shaka jina aweze kurudi kumtazama. Maelezo yanaweza kuwa na kosa. Kielelezo hubaki kuwa shahidi.

Ndivyo alivyopata jina Povilla adusta, mdudu ajulikanaye sana katika Ziwa Victoria. Aliyempa jina mwaka 1912 ni Longinos Navás, padre Mjesuiti wa Hispania. Neno adusta ni la Kilatini, nalo lina maana ya kilichobabuka kwa moto. Jina lilitangulia, ujuzi wa maisha yake ulifuata baadaye.

Ujuzi huo ulipatikana kwa sehemu kubwa katika ziwa letu wenyewe. Mwaka 1947 shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki liliundwa, na makao yake yakawa Jinja, Uganda. Mwaka 1955 Hartland-Rowe alitangaza kwamba Povilla hutoka majini kwa kufuata mwezi: makundi makubwa huonekana usiku wa pili hivi baada ya mwezi mpevu. Mwaka uliofuata Macdonald alionyesha kwamba wale wadudu wadogo wafanyao mawingu kama moshi, ambao si wa oda hii kabisa, hutoka zaidi karibu na mwezi mwandamo. Mwaka 1957 Corbet aliandika juu ya muda ambao Povilla huishi majini. Ikajulikana pia kwamba mtoto wake hutoboa miti iliyozama, mafunjo na hata mbao za vyombo, akautandika mtobo wake kwa uzi kama wa hariri. Na kwamba samaki humla. Basi wadudu wawili ambao mkazi wa ziwani huweza kuwaita kwa jina moja, mmoja ni wa mbalamwezi na mwingine ni wa giza.

Je, kuna hasara gani kuchanganya majina? Tuchukue neno usubi. Usubi ni yule inzi mdogo aumaye, alelewaye katika mito iendayo kasi, na katika maandishi ya afya ya Tanzania jina lake limekuwa pia jina la ugonjwa autiao: ugonjwa wa ngozi na wa upofu. Mfasiri aitaye wadudu wote wa ziwani usubi huwatia watu hofu bure, na huenda akawaondolea hofu pale inapostahili.

Tena historia ina kisa chake. Katika Nyanza, upande wa Kenya, usubi uitwao Simulium neavei uliuma watu, lakini watoto wake hawakuonekana mitoni kwenye mawe wala kwenye majani. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walieleza kwamba waliona watoto wa usubi wa namna nyingine wakiwa wamejishikiza juu ya watoto wa Afronurus, ambaye ni wa oda yetu hii ya wadudu wa siku moja. Katika taarifa hiyo hiyo wakatangaza kwamba watoto wa neavei wamepatikana juu ya kaa wa mtoni. Hatimaye usubi huo uliangamizwa katika Kenya kwa DDT iliyotiwa mitoni. Aliyebeba na aliyebebwa walihitaji kutofautishwa kwa majina kabla ya jambo hilo kuandikika.

Kwa hiyo yafaa tuwe na maneno yaliyo wazi. Aina ni neno pana mno, kwani kuna aina za viti na aina za hoja. Spishi lishike mahali pake katika sayansi. Kwa mtoto wa mdudu huyu tunalo neno tunutu, litumikalo kwa nzige asiyeota mabawa. Kiluwiluwi tumwachie mbu na chura, na buu tumwachie inzi. Hatua ile ya mabawa ya kwanza yaweza kuitwa nusupevu. Mdudu mwenyewe aitwe mdudu wa siku moja, mpaka lipatikane jina bora zaidi.

Na huenda jina hilo lipo tayari vinywani mwa wavuvi wa Mwanza, Ukerewe au Musoma. Mwenye kulitafuta asiridhike kuandika neno peke yake. Amchukue mdudu, amtie chupani, aandike mahali, tarehe na hali ya mwezi, ndipo aulize, "Huyu mwamwitaje?" Neno lililokusanywa bila kielelezo ni sawa na spishi iliyotangazwa bila kielelezo: kesho atakapotokea mwenye shaka, hapatakuwa na cha kumwonyesha.