Kesi ya Dibagula: mihadhara ilipopandishwa kizimbani Morogoro

Machi 2000, huko Morogoro, mhubiri wa Kiislamu aitwaye Hamisi Rajabu Dibagula alikana uungu wa Yesu mbele ya kadamnasi. Hilo halikuwa geni. Misikiti iliyo chini ya Milima ya Uluguru hufundisha hivyo miaka yote, na waumini wa makanisa ya jirani wanajua fika. Safari hii, hata hivyo, maneno yalisemwa hadharani, na aliyeyasema akaishia mikononi mwa polisi. Mwaka 2001 Mahakama ya Wilaya ya Morogoro ilimtia hatiani kwa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini, kosa lililomo katika kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Akapewa miezi 18 jela.

Mshitakiwa alikuwa mmoja, lakini iliyohukumiwa ni harakati nzima ya mihadhara, yaani mahubiri ya hadharani ya Kiislamu yanayojenga hoja kwa Biblia.

Mihadhara ilishika kasi miaka ya 1980. Mwalimu wake wa mbali alikuwa Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, ambaye kwa vitabu na kanda zake aliwabana wachungaji kwa Biblia yao wenyewe. Wahubiri wa kwetu waliuchukua mtindo huo wakaupa sura ya Kiswahili. Mwaka 1987 Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba walichapisha kitabu chao, Uislamu Katika Biblia, na wenzao wakajulikana kama wahubiri wa mlingano wa dini.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi, tena wenye mvuto. Meza inawekwa uwanjani, kipaza sauti kinafungwa, Biblia ya Kiswahili inafunguliwa. Mmoja anasoma aya, mwingine anaichambua. Kumbukumbu la Torati 18:18 inatajwa kuwa bishara ya Mtume Muhammad. Yohana 17:3 inatumika kuonyesha kwamba Yesu mwenyewe alimkiri Mungu mmoja. Kisha Mkristo yeyote anaalikwa kuuliza. Aliyekosa kufika aliweza kununua kanda.

Kwa maoni yangu, watu hawakuvutwa na aya tu. Nyuma yake kulikuwa na suala la shule. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka kituo Morogoro katika miaka ya 1880, na kabla karne haijaisha walikuwa wameshapanda hadi Matombo, Uluguru. Elimu ya kisasa ikaja imeshikana na ubatizo, na Waislamu wengi wakaona watoto wao wameachwa nyuma, kinyongo ambacho uhuru haukukimaliza. Sasa anatokea mtu asiye na digrii, tena mbele ya umma, anaonyesha kwamba kitabu cha wasomi anakijua sura kwa sura. Kwa kijana wa kijiweni hiyo ilikuwa heshima iliyorudishwa.

Uluguru kwenyewe jambo hili lilikuwa na uzito wa aina yake. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ndani ya ukoo mmoja utamkuta Joseph na utamkuta Jumanne. Mjomba Mwislamu ana sauti katika ndoa ya mpwa aliyebatizwa, na kwenye msiba wote hukaa jamvi moja. Watu hawa hawakuwa wajinga wa tofauti zao. Walichagua tu kutozitangaza. Kipaza sauti kiliwaondolea hiari hiyo.

Wakristo walilalamika kwamba dini yao inakashifiwa, na si kila lalamiko lilikuwa la chuki. Wapo wahubiri walioacha hoja wakageukia kejeli. Lakini mikutano ya injili nayo haikuwa na staha kila siku, na wakatokea wahubiri wa Kikristo, wakiwamo wa kundi la Biblia ni Jibu, waliopanda jukwaani kujibu mapigo.

Serikali ikaamua kuliona suala zima kama la usalama. Februari 1998 msako wa wahubiri waliotuhumiwa kwa kashfa uliishia kwenye umwagaji damu katika Msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, ambako watu waliuawa kwa risasi za polisi. Msomi Hamza Njozi aliandika kitabu juu ya mauaji hayo, kikatoka mwaka 2000, nacho kikapigwa marufuku nchini.

Hukumu ya Morogoro iliangukia juu ya kidonda hicho. Agosti 2001 Waislamu waliandamana Dar es Salaam, wakakutana na mabomu ya machozi. Mahakama Kuu iliitisha jalada, ikapunguza adhabu kiasi cha Dibagula kuachiwa, lakini hatia ikabaki. Wengine wangeridhika na uhuru huo wa nusu. Yeye alikata rufani.

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilifuta hatia hiyo. Kifungu cha 129 kinadai nia ya makusudi ya kuumiza. Haitoshi kwamba msikilizaji ameumia. Mhubiri aliyetangaza sehemu ya imani yake alikuwa anatumia uhuru unaolindwa na ibara ya 19 ya Katiba, uhuru unaojumuisha kuieneza dini.

Wapo walioipokea hukumu hii kama ushindi wa Waislamu. Huko ni kuisoma nusu. Mchungaji anayesimama Msamvu, mjini Morogoro, na kusema hamtambui Muhammad kuwa nabii amekingwa na hoja hiyohiyo. Asiyekingwa, awe wa upande wowote, ni yule anayekusudia kutukana. Nadhani majaji walikuwa sahihi, na ni aibu kwamba hatua mbili za mahakama zilipita kabla jambo hilo halijasemwa.

Na mji uleule wa kesi ukaja kuona kinyume cha mambo: mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza katika majengo yaliyokuwa ya shirika la umeme, TANESCO, yaliyotolewa na serikali ya Rais Benjamin Mkapa, ileile iliyokipiga marufuku kitabu cha Njozi. Njozi mwenyewe alikuja kuwa makamu mkuu wa chuo hicho.

Mihadhara haijafa; siku hizi imehamia kwenye simu. Kifungu cha 129 nacho bado kimo katika Kanuni ya Adhabu. Polisi anayepokea malalamiko ya kukashifiwa dini, na kiongozi wa dini anayeyapeleka kituoni, waisome kwanza hukumu ya Dibagula.