Mtumba: Kutoka Begani mwa Mpagazi Hadi Katika Simu

Neno mtumba, ewe msomaji, ni kongwe kuliko biashara tunayoiita kwa jina hilo leo. Katika karne ya 19, misafara ilipoondoka pwani kwenda bara, nguo zilifungwa zikakazwa mpaka zikawa furushi la ratili 60 hadi 70, kisha akatwikwa mpagazi. Furushi hilo ndilo lililoitwa mtumba, na nguo zilizokuwamo zilikuwa mpya. Siku hizi mtumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wa Ulaya, Marekani au Asia, zikashindiliwa katika robota la kilo 45 hivi. Tena wanunuzi wengi hawaendi sokoni kuzitazama, bali huziona katika simu. Mambo mengi yamegeuka, lakini swali moja halikugeuka: mnunuzi atajuaje kwamba kitu anachouziwa ndicho anachoambiwa?

Tuanze mbali kidogo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta wafanyabiashara wa Kihindi wamekwisha kumtangulia, na nguo za pamba za Gujarat zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizovuka bahari kwa pepo za kaskazi. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na kwa njia hiyo zikaja kwa wingi nguo za pamba zisizotiwa rangi. Watu wakaziita merikani, na jina hilo lipo hata leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hadi 1865, vilipoikatiza biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na Bombay vikashika nafasi. Huku Malindi na Magarini mashamba ya mtama na ufuta yalijaza majahazi nafaka ya kupeleka Arabuni, na nguo zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyonunuliwa kwa mali hiyo. Usisahau, usomapo habari za utajiri huo, kwamba mashamba yale yalilimwa kwa jasho la watumwa.

Mnunuzi wa merikani alikuwa na njia mbili za kujikinga na hadaa. Kwanza aliishika nguo kwa vidole vyake, akapima unene wake. Pili aliipima urefu: doti moja ilikuwa mikono 8, na mkono ulihesabiwa toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kipimo hicho kilikuwa na ubishi wake, kwani mkono wa mtu mfupi si mkono wa mtu mrefu. Hata hivyo nguo ilikuwa mbele ya wote wawili, na ubishi uliweza kukatwa palepale. Sheria ya Kiislamu, iliyoongoza biashara katika miji yetu ya pwani, nayo ilikuwa na neno lake: muuzaji aijuaye ila ya kitu chake hana budi kuitaja, na mnunuzi akiigundua ila iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, serikali ilitaka nchi ijivike kwa pamba yake yenyewe. Kilimo cha pamba kilihimizwa, hata huku pwani, na viwanda kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vikasokota nyuzi na kufuma nguo. Kwa miaka mingi uingizaji wa nguo kuukuu ulizuiliwa ili viwanda hivyo vipate kukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba ikamiminika katika bandari ya Mombasa, na viwanda vingi vikafungwa. Rivatex ilifungwa mwaka 2000, kisha ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Si haki kuulaumu mtumba peke yake, kwani wakulima wa pamba walicheleweshewa malipo, mitambo ilichakaa, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia nazo ziliingia. Wala si haki kusema mtumba hauna hatia yoyote. Mfanyakazi wa kiwanda alipoteza riziki, na mama mwenye watoto watano akaweza kuwavisha wote. Historia haina budi kuwaandika wote wawili.

Ugomvi huo haukuisha. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, na Kenya ikarudi nyuma, ikihofia kunyimwa nafasi ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Mwezi wa Machi 2020 Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo ikaruhusu tena.

Sasa tuifikie simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, zikaleta intaneti ya kasi. Kwa mambo hayo mawili muuzaji aliweza kuonyesha nguo na kupokea fedha bila kuonana na mnunuzi. Hili si jambo dogo kwa Magarini. Mtu wa Adu au Marafa, akitaka soko kubwa, sharti asafiri na kuuvuka mto Sabaki mpaka Malindi, na nauli yake huenda ikaizidi bei ya shati.

Lakini tazama kilichopotea. Muuzaji hununua robota lililofungwa, asijue kilichomo. Akilifungua huchagua nguo bora, ambazo wachuuzi wa Kenya huziita kamera. Zile hafifu zinazobaki mwisho huitwa fagia. Sokoni mnunuzi huipindua nguo, akakagua kwapa, mshono na kola. Katika simu huona kile tu alichoonyeshwa. Vidole vya kugusa vimeondolewa, na mkono wa kupimia umeondolewa. Limebaki neno la muuzaji.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ikiwa siku moja utaifanya kazi hii, rudisha kwa maarifa yale yaliyoondolewa na simu. Nguo ipime kwa utepe wa fundi, uandike sentimita za kifua na urefu, kwa maana namba 10 ya nguo za kike za Marekani si sawa na namba 10 ya Uingereza. Ifue na kuipiga pasi, uipige picha mchana karibu na mlango ili rangi yake ionekane ilivyo. Kama ina doa au kifungo kimepotea, piga picha ya doa lenyewe. Eleza mapema nani atakayelipa gharama ya kuusafirisha mzigo.

Tena hesabu kwa uangalifu. Tuseme robota la mashati 200 limekugharimu shilingi 12,000. Utadhani kila shati ni shilingi 60. Ikiwa 40 ni fagia isiyouzika, yamebaki 160, na kila moja limekugharimu shilingi 75, kabla ya nauli, sabuni na gharama ya intaneti. Wengi huona fedha zikiingia kila siku, wakala mtaji wakidhani wanakula faida.

Hadaa haitoki upande mmoja. Wako wanunuzi wanaotuma ujumbe wa uongo wa malipo. Basi usitoe mzigo kwa kuusoma ujumbe, bali angalia salio lako. Nawe ukiwa mnunuzi, lipa baada ya kuuona mzigo kila iwezekanapo. Fedha zikienda kwa namba isiyo yake, upeleke ujumbe huo wa M-Pesa mara moja kwa namba 456 kuomba zirudishwe. Jua pia kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazozihitaji.

Hata hivyo katiba haikai mlangoni pa kila duka, wala hakimu hasafiri mpaka Adu kwa sababu ya shati moja. Mtu wa Adu akidanganywa mara moja, hatamwacha muuzaji yule peke yake. Ataiacha biashara nzima ya simu, na kijana mwaminifu wa Gongoni atakosa mteja kwa kosa la mtu asiyemjua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika simu kizuri na kibaya vyote vinatembezwa sawa, na mwenye kuvipambanua ni yule aliyeishika nguo mkononi. Yeye akiitaja ila yake, mnunuzi wa mbali hununua kama aliyeigusa.