Gitaa la mbao rahisi: historia fupi kutoka Butare, Rusizi

Safari hii historia yetu inaanza na aibu kidogo. Gitaa la kwanza tulilotengeneza hapa Butare lilipasuka.

Tulichanga miezi mitatu. Tukanunua mbao mbichi za grevilea juu ya bei yake, tukakata, tukabandika, tukapiga picha. Julai, kiangazi kilipokaza, ubao wa mbele ukafunguka kutoka kwenye tundu mpaka chini. Mwenzetu mmoja, aliyeacha gitaa la papa wake Bukavu, ng'ambo ya Rusizi, alilitazama akanyamaza. Wengine wakasema: "Si tuliwaambia? Gitaa ni mbao za watu wenye pesa."

Neno hilo lilituuma, tukaenda kusoma. Kumbe historia inalikataa.

Tuanze na kwetu. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja wa Katanga aliyekuwa akiimba kwa Kiswahili na gitaa lake peke yake. Ni Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake "Masanga" mpaka leo wapiga gitaa wa dunia nzima wanajifunza. Sahani zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, kwa jina la Gallotone.

Sasa sikilizeni. Gallo hiyohiyo ilikuwa inauza pia magitaa ya bei ya chini, ya mbao za tabaka, yaani triplex. Mwaka 1957 gitaa moja la namna hiyo lilifika Liverpool, Uingereza, mikononi mwa kijana anayeitwa John Lennon. Ndani lilikuwa na karatasi inayoahidi kwamba halitapasuka. Tuliposoma hapo tulicheka kwa uchungu! Lakini ahadi ilikuwa na sababu. Triplex ni tabaka zilizobandikwa kwa kupishana, moja inazuia nyingine isifunguke. Sauti yake si tamu kama ya ubao mzima, ila inavumilia. Na Julai ya mwaka huohuo, Lennon alikuwa na gitaa hilo siku alipokutana na Paul McCartney. The Beatles walianzia hapo.

Je, sauti inatoka wapi basi? Jibu alilitoa fundi wa Hispania, Antonio de Torres, aliyeanza maisha kama seremala. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi nzito tu. Ubao mzuri aliuweka mbele peke yake. Gitaa hilo bado lipo katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Somo lake kwa maskini ni kubwa: ukiwa na pesa kidogo, iweke mbele. Nyuma na pembeni panasubiri.

Na wenyeji wetu Wanyarwanda? Inanga yao huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, na mti unaopendwa ni umwungo, mwepesi na laini. Hawakuagiza mbao mbali. Waliusikiliza mti wa karibu.

Umwungo bado unaota Nyungwe, si mbali na sisi. Mmoja wetu alisema twende usiku tukachukue gogo moja tu. Tulibishana sana. Nyungwe ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hakuna kukata. Na mkimbizi mmoja akikamatwa na gogo, jina linaloharibika ni la sisi wote. Tulikataa, na hatujutii.

Basi tumechagua hivi, kwa wanaotaka kuanza.

Mbele: paini. Inapandwa na kuuzwa kihalali huku kwetu. Chagua ubao usio na vifundo. Utazame kwenye ncha: mistari ya umri wa mti isimame wima kama meno ya kitana, isilale. Ushike pembeni kwa vidole viwili, uugonge. Ukilia kama kengele, chukua. Ukisema "pu", rudisha. Mwisho utaupunguza mpaka karibu milimita 3, na ndani utaweka vijiti vya kuushikilia.

Mgongo na mbavu: triplex nyembamba, hata vipande vinavyobaki kwa mafundi.

Shingo: libuyu ya zamani, mguu wa kitanda au fremu ya mlango uliovunjwa. Nyuzi sita za chuma zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, kwa hiyo shingo isiwe ya mti laini. Libuyu ni ya ukoo wa mahogani, na nyingi inatoka Kongo. Nayo ilivuka mpaka kama sisi.

Juu ya yote: ukavu. Ubao mbichi wa sentimita mbili na nusu unataka karibu mwaka mzima kivulini, penye upepo. Ndiyo maana kitanda cha zamani kinashinda mbao mpya ya dukani. Kimeshakauka kabla wewe hujafika. Kosa letu halikuwa umaskini, lilikuwa haraka.

Ndugu wahudumu, mkituuliza tunahitaji nini: nyuzi, gundi nzuri na msumeno mdogo. Mbao tutatafuta wenyewe.

Gitaa la pili bado halijabandikwa. Ubao wake wa paini unaning'inia chini ya paa tangu Septemba, na mwenzetu yule anaugonga kila asubuhi akisikiliza. Jana alisema: "Ngojeni kidogo." Tunangoja.