Walioivuta Njia Ipite Kwao

Msafiri wa leo ashikaye barabara kuu nambari 90, ile itokayo Boston na kukomea Seattle, naye ameketi kwenye usukani wa gari lenye kitanda, jiko na maliwato ndani yake, aghalabu hudhani ya kuwa barabara ndiyo iliyotangulia, kisha maduka, kambi na vivutio vikaota kandokando yake. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, tangu Minnesota hata Montana, mambo yalikuwa kinyume: wenye maduka ndio walioitafuta njia wakaivuta ipite milangoni pao, na lililowasukuma halikuwa mapenzi ya safari bali khofu ya kupitwa.

Mwaka 1912, katika kijiji cha Ipswich, South Dakota, Joseph Parmley aliwakusanya wenzake kwa shauri dogo sana, nalo ni barabara njema ya maili 25 kwenda mji wa Aberdeen. Shauri halikukaa udogoni. Haukupita muda wakawa wananena habari za kuifikia mbuga ya Yellowstone, na hatimaye chama chao kikajitwalia njia nzima tangu Plymouth, pwani ya Atlantiki, hata bahari ya Seattle. Serikali kuu zama hizo haikuwa na fungu la maana kwa barabara za mashamba. Kwa hiyo chama kilitoza ada wafanya biashara wa kila mji, kikawahimiza wenyeji watoke na majembe wafukie mashimo, na kikayapaka rangi ya manjano mawe ya kando ya njia ili mgeni asipotee, maana barabara zilikuwa bado hazijapewa nambari.

Miongoni mwa viongozi wa chama hicho alikuwapo Michael Dowling wa Olivia, Minnesota, ambaye habari zake zingetosha makala pekee. Mwaka 1880, naye ni kijana wa miaka 14, tufani ya theluji ilimkuta nje usiku akajificha katika lundo la majani makavu; baridi ikamla, na madaktari wakamkata miguu yote miwili, mkono mmoja, na vidole vya mkono uliosalia. Mtu huyo akawa mwalimu, mwenye gazeti, mwenye benki, na Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo lake. Mwaka 1913 aliongoza msafara wa magari hata lango la Yellowstone, kuiomba serikali iyaruhusu magari kuingia mbugani, ambamo hadi siku hizo ni farasi tu waliokuwa na idhini. Ayajuaye matope ya nyika zile baada ya mvua hatahitaji kuelezwa hima ya mtu huyo. Agosti 1915 lango likafunguliwa, na ilipofika 1917 farasi wa kukokota abiria walikuwa wamekwisha kuondolewa.

Gari lenyewe la kulala lilianzia kwa matajiri. Pierce-Arrow ya mwaka 1910, iliyoonyeshwa Madison Square Garden, ilikuwa na kiti cha nyuma kigeukacho kitanda, beseni la kunawia lililokunjwa mgongoni mwa kiti cha dereva, choo, na simu ya bwana kumwamrisha dereva wake. Watu wa kawaida walifunga hema juu ya gari, wakalala katika viwanja ambavyo miji midogo iliwatolea bure pamoja na maji na kuni, kwa tamaa kuwa mgeni atanunua mkate na petroli. Walipoanza kuja mafukara wasionunua kitu wala kuondoka, ukarimu ule ukawekewa kiingilio. Naye Arthur Sherman, mtaalamu wa vijidudu wa Detroit, alinunua hema la kukokotwa lililodaiwa kusimama kwa dakika tano. Mvua ilipomshukia likamtoa jasho pasipo kusimama, na yeye kwa ghadhabu akamwita seremala amtengenezee sanduku la mbao lenye magurudumu. Watu wakalitamani, na ilipofika mwaka 1936 kiwanda chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya namna hiyo. Mtabiri wa mambo ya biashara, Roger Babson, akatangaza ya kuwa baada ya miaka 20 nusu ya Wamarekani watakaa katika nyumba za kukokotwa. Utabiri haukutimia, wala yeye hakuwa wa kwanza kuyafanya matakwa ya mwaka mmoja kuwa majaliwa ya umma.

Kwa ubingwa wa kumsimamisha apitaye, siwaoni wa kulinganishwa na Ted na Dorothy Hustead, walionunua duka la dawa mwaka 1931 katika Wall, South Dakota, mji wa watu mia tatu na ushei. Karibu miaka mitano ikapita duka li tupu. Adhuhuri moja ya Julai 1936 Dorothy alijinyoosha alale, usingizi ukakatazwa na mngurumo wa magari yaliyokuwa yakipita bila kusimama. Ndipo akawaza ya kuwa watu wale, baada ya jua la nyika, hawana haja ila ya maji baridi, akamshauri mumewe atundike mabango njiani: maji ya barafu, bure. Ted alipomaliza kuyasimamisha na kurudi dukani, alikuta wateja wamekwisha kumtangulia.

Hata nyuso za marais zilizochongwa katika mlima Rushmore asili yake ni shauri la Doane Robinson, mwanahistoria wa jimbo hilo hilo, aliyetaka kitu cha kuwavuta wenye magari. Gutzon Borglum akaanza kuchonga mwaka 1927, na kazi ikakoma 1941. Lakini vilima ulimo mlima huo, Walakota, wenyeji wake wa asili, waliahidiwa kwa mkataba wa mwaka 1868, wakanyang'anywa baada ya kuonekana dhahabu, na Mahakama Kuu ilipowahukumia fidia mwaka 1980 wao walikataa kuipokea, wakidai ardhi. Wenye magari wasimamao hapo kupiga picha ni wachache waelezwao hayo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia khofu ile ile ya kupitwa ikazaa viwanda. Katika Forest City, Iowa, vijana walipokuwa wakihama, John Hanson, muuza samani na mwendesha mazishi, alikivuta mjini mwaka 1958 kiwanda cha matela. Kikaitwa Winnebago, na tangu 1966 kikauza magari ya kulala kwa bei iliyowashtua washindani. Kule Billings, Montana, Dave Drum aliyaona magari ya waendao kwenye maonyesho ya Seattle ya mwaka 1962, akawafungulia kambi kando ya mto Yellowstone yenye maji ya moto na duka dogo, nayo ndiyo mama wa kambi za KOA zilizoenea leo nchi nzima.

Wako sasa wasiokuwa na nyumba ila hiyo yenye magurudumu, na South Dakota imewafungulia mlango: risiti ya usiku mmoja wa kambi imetosha kumpatia mtu leseni ya udereva, na barua zake hupokelewa na mawakala wa kulipwa. Wengi waliojiandikisha hivyo hawaonekani jimboni hadi leseni iishe muda wake, yaani baada ya miaka mitano.